Kuvika tela la kulala la povu gumu kwa turubai la pamba: gundi niliyokosea na gundi iliyoshika

Mwanzisha uzi (seremala, Malindi)

Waungwana, salamu kutoka Malindi. Wapo wengi walioniuliza habari za lile tela dogo jeupe linaloegeshwa chini ya mkwaju karibu na karakana yangu huku Shella, na kwa kuwa nimechoka kueleza mambo yaleyale kila jioni huku watu wakiligonga kwa vidole kama wanaochagua nazi sokoni, nimeona afadhali niyaandike yote mahali pamoja. Tela hilo ni chumba cha kulala watu wawili. Urefu wake ni mita 2.4, upana mita 1.5, na kimo chake kutoka sakafuni ni mita 1.4. Kuta zake na paa lake havina mbao wala bati, bali ni mabamba ya povu gumu la polistairini yenye unene wa sentimita 5, yaliyovikwa turubai la pamba kwa gundi ya mbao kisha yakapakwa rangi ya maji ya nje. Nalivuta kwa gari dogo la kawaida. Nimekwisha kulifikisha Marafa na Ngomeni, na mara mbili nimelipeleka hadi karibu na lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki, safari ya zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa mjini.

Ujuzi wenyewe si wangu. Ni wa Wamarekani wanaojitengenezea matela ya povu, ambao kwa utani huuita faiba ya maskini, kwa sababu turubai lililoloweshwa gundi hufanya kazi inayofanana na ile ya kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa reseni, ule ute unaoganda ukawa plastiki ngumu. Wao hutumia shuka nzito za pamba ambazo wapaka rangi hutandaza sakafuni, gundi ya mbao inayostahimili maji, na rangi ya kuta za nje. Kila kimoja kati ya vitu hivyo kina mwenzake katika maduka ya huku kwetu, ila kila mwenzake ana hila yake, na hila ya gundi ndiyo iliyonigharimu mwaka mzima.

Nieleze kwanza kwa nini mtu ahangaike na povu. Bamba moja la povu lenye ukubwa wa plaiwudi nzima na unene wa sentimita 5 lina uzito wa kilo nne au tano tu, ilhali plaiwudi ya milimita 18 ya ukubwa uleule hukaribia kilo 30. Povu peke yake ni dhaifu na kidole hulitoboa, lakini ukiligandisha ngozi mbili, moja nje na moja ndani, hubadilika tabia kabisa: ukuta ukitaka kupinda, ngozi moja huvutwa na nyingine husukumwa, na povu lililo katikati huzizuia zisikaribiane. Kwa hiyo turubai si pambo, wala si mwavuli tu. Ni mfupa wa nje. Gundi ikiachia, hakuna tena tela. Kuna maboksi ya samaki yaliyofunikwa nguo.

Na gundi yangu iliachia. Mara ya kwanza nililivika tela hili mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma na kila kitu kikikauka upesi, nikatumia gundi nyeupe ya samani ambayo nimeitumia miaka yote kwenye vitanda na makabati bila ya lalamiko. Lilipendeza. Masika yalipoanza mwezi wa Aprili, lilistahimili siku tatu za mvua, na siku ya nne nikaona malengelenge kwenye ukuta unaoelekea baharini. Nilipobonyeza lengelenge moja kwa kidole gumba, maji meupe kama tui yalichuruzika kutoka ukingo wa chini. Kufikia mwisho wa wiki nilikuwa naweza kulibandua turubai kwa mikono miwili kama ninayechuna ngozi ya mbuzi, na povu chini yake lilikuwa safi, kana kwamba halijawahi kuguswa na gundi.

Sababu yake ni hii. Gundi nyeupe ya mbao ni chembechembe za plastiki zilizoelea ndani ya maji. Maji yakiondoka, chembe hushikana na kuwa utando mmoja. Katika gundi ya kawaida njia hiyo ina kurudi: maji yakiufikia utando na kukaa, utando huvimba, hulegea, na hatimaye hurejea kuwa uji. Ndiyo maana viwango vya Ulaya huzigawa gundi hizi kwa herufi na namba, kuanzia D1 ambayo ni ya vitu vya ndani visivyoona maji, hadi D4 ambayo huvumilia hali ya nje mradi ifunikwe vizuri kwa rangi. Katika gundi za Marekani, Titebond II ni ya kundi linalostahimili maji, na Titebond III iko daraja moja juu yake. Atakayefanya kazi hii pwani na atafute chombo kilichoandikwa D3 au D4, na hata akikipata asiridhike na maandishi.

Jaribio ninalolifanya sasa ni jepesi. Nagandisha kipande cha turubai juu ya kipande cha povu, nakiacha siku 7 kikauke kivulini, kisha nakitumbukiza kwenye ndoo ya maji usiku na mchana. Nikikitoa, sitazami rangi ya gundi, kwa sababu hata gundi nzuri huweza kubadilika na kuwa na weupe kidogo. Natazama kama inashika. Ikiwa turubai linabanduka peke yake, gundi hiyo irudi kwenye vitanda. Ikiwa linabanduka likiwa limeng'oa na nyama ya povu, hiyo ndiyo. Nilinunua gundi tatu tofauti, zote muuzaji akiapa kwamba hazijui maji, na mbili kati yake zilinipa tui lilelile.

Nitaeleza namna nilivyovika mara ya pili, lakini kwanza naomba wenye ujuzi wa turubai wanisahihishe.

Mchangiaji wa 1 (mshonaji wa matanga, Lamu)

Fundi, shukrani kwa kusema kosa lako waziwazi. Mimi sijui matela. Huku kisiwani tuna punda wengi kuliko magari. Lakini turubai la pamba ndilo lililonilea, na kuna mambo matatu ambayo hukuyataja.

La kwanza ni wanga. Kitambaa kipya hutoka kiwandani kimepakwa wanga ili nyuzi zisikatike kwenye mtambo. Wazee wetu walijua hivyo tangu ile nguo ya marekani ilipokuwa ikiletwa pwani hii kwa meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, katika karne ya 19. Ilikuwa ngumu kama karatasi hadi ifuliwe. Wanga huo hunywa maji, huzuia gundi isiingie ndani ya nyuzi, na ni chakula cha ukungu. Lifue turubai lako kwa maji ya moto na sabuni, ulisuuze mara mbili kwa maji matamu, tena usilianike ufukweni likashika chumvi.

La pili ni kurudi. Turubai ambalo halijawahi kuona maji litarudi mara ya kwanza litakapoyaona, kwa sababu uzi wa pamba hunenepa unapolowa, na ukinenepa hufupika. Ukiligandisha kabla halijarudi, litarudi likiwa ukutani, na hapo litajing'oa pembeni au litavuta mishono. Kule kufua nilikokutaja hutibu na hili.

La tatu, hakikisha ni pamba. Siku hizi neno turubai limekuwa jina la kila kitu, hata yale ya plastiki yanayofunika malori. Gundi ya maji haiingii katika plastiki. Chomoa uzi mmoja uuchome: pamba huungua ikanuka karatasi na kuacha jivu jepesi, ilhali uzi wa plastiki huyeyuka na kujikunja kuwa kipira kigumu.

Sasa nami nina swali. Kwa nini rangi ya maji? Vyombo vyetu vinakaa ndani ya bahari yenyewe, na tangu zamani vimehifadhiwa kwa mafuta: ndani na ubavuni sifa, yaani mafuta ya papa, chini deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na shahamu, na siku hizi juu rangi ya mafuta. Mbona wewe unaikimbia?

Mwanzisha uzi

Mwalimu wangu, nimeyapokea yote matatu, na la kurudi limenifumbua macho, kwa sababu mara ya kwanza sikulifua turubai na niliona mikunjo ya ajabu pembeni ambayo niliilaumu gundi peke yake.

Ama kuhusu mafuta, chombo chako ni mbao, na mbao hupenda mafuta. Povu la polistairini huyachukia. Petroli, thina, asetoni, gundi ya viatu na rangi nyingi za kupuliza hulila povu hili mara moja. Utaona shimo likijichimba mbele ya macho yako. Rangi ya mafuta huchanganywa na thina, na thina ikipenya kwenye nyuzi za turubai kabla gundi haijaziba kila tundu, italifikia povu na kulichimba chini kwa chini, nawe hutajua hadi siku utakapoegemea ukuta. Kuna sababu nyingine pia. Rangi ya mafuta huzidi kuwa kavu na ngumu miaka ikipita, na juu ya ngozi inayopanuka mchana na kurudi usiku hupasuka. Rangi ya maji ya nje hubaki na mnyumbuko. Sifa ya papa siitaki kwa sababu ya tatu, nayo ni kwamba nalala humo ndani.

Mchangiaji wa 2 (fundi wa mashua za faiba, Watamu)

Kaka, kazi nzuri, lakini naona umechagua njia ndefu. Nyuzi za kioo na reseni zingekupa ganda ambalo hata mtoto wako atalirithi. Ungemaliza kwa siku mbili. Kwa nini uhangaike na nguo?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Watamu, nililifikiria hilo kabla ya nguo. Reseni ambayo sote tunaiona ikitumiwa kwenye mashua ni ya poliesta, na hiyo imeyeyushwa ndani ya stairini. Stairini ndiyo mama wa polistairini. Nilimwaga kijiko kimoja juu ya kipande cha povu, na kabla sijamaliza kikombe cha kahawa tungu palikuwa na kidimbwi cha ute na povu halipo. Reseni ya epoksi haina stairini na hailidhuru povu, nami nakubali kwamba kwa epoksi ganda lingekuwa gumu zaidi kuliko langu. Tatizo ni mfuko. Kwa eneo langu la mita za mraba 14 na nusu, upande wa nje peke yake, bei niliyoulizia ya epoksi ilizidi bei ya vitu vyote vya tela hili ukiondoa chesisi na magurudumu. Tena epoksi nayo haipendi jua, hivyo bado ningehitaji rangi juu yake.

Mchangiaji wa 2

Hapo umeninyamazisha. Lakini usiseme ni ganda la kudumu.

Mwanzisha uzi

Sisemi. Sasa niendelee na kazi yenyewe.

Povu jipya huwa na uso wa kung'aa ambao gundi huteleza juu yake. Niliuondoa uso huo kwa msasa mkavu namba 80, kisha nikapiga matundu madogo ya kina cha milimita 3 hivi kwa kibao nilichokipigilia misumari midogo, mamia kwa mamia, ili gundi ishuke humo na kuota mizizi. Nadhani hii ndiyo kazi inayochosha kuliko zote na inayolipa kuliko zote. Baadaye nilipangusa kila ukuta kwa kitambaa chenye maji matamu, maana hapa kwetu upepo wa usiku mmoja unatosha kuacha vumbi la chumvi, na gundi iliyowekwa juu ya chumvi imewekwa juu ya mchanga.

Pembe zote nilizizungusha kwa msasa hadi zikawa na mviringo wa sentimita 2 au 3. Turubai halikubali kukaa juu ya ukingo mkali. Huinuka kidogo na kuacha mfereji wa hewa chini yake. Hata rangi hukimbia ukingo mkali na kubaki nyembamba palepale inapohitajika kuwa nene. Mahali patakapobeba kitu, kama bawaba za mlango, taa na vishikio vya dirisha, nilichonga povu nikatia vipande vya mbao kwa gundi ya poliurethani, kwa sababu skrubu haishiki povu hata kidogo.

Uvikaji ulifuata utaratibu wa makuti: cha chini kwanza, cha juu kikilalie. Nilivika kuta mbili nikaziacha zipande juu ya paa kwa sentimita 5, kisha nikatandika kipande kimoja kirefu kuanzia mbele, kupitia paani, hadi nyuma, kikishuka kando sentimita 5 juu ya kuta. Maji yanayoteremka kutoka paani hukutana na mgongo wa mshono, hayakutani na mdomo wake.

Gundi ya chini niliipaka bila ya kuizimua, kwa rola, upana wa nusu mita kwa wakati mmoja. Joto la huku ni adui hapa. Adhuhuri gundi hushika ngozi kabla ya dakika kumi, ndiyo maana tulikuwa tukianza saa kumi alasiri, kivulini, mimi nikipaka na kijana wangu akilainisha turubai kwa kadi ya plastiki kutoka katikati kwenda nje. Turubai tuliliweka likiwa na unyevu kidogo, limekamuliwa vizuri, ili lisinyonye maji yote ya gundi kwa pigo moja. Tulipomaliza ukuta, nilichukua gundi iliyozimuliwa kwa sehemu moja ya maji na nne za gundi, nikaipaka juu hadi mashimo yote kati ya nyuzi yalipojaa. Ukuta ukikauka unakuwa mgumu na una sauti. Ukiugonga hulia kama ngoma ya kitoto.

Gundi yote iliyotumika nje ni lita 9. Turubai lilikuwa mita za mraba 18 pamoja na yanayolaliana, la uzito wa gramu 340 hivi kwa mita ya mraba. Rangi ilikuwa lita 10. Tabaka la kwanza la rangi nililizimua kwa maji, sehemu moja kwa nne, lipate kunywewa na kitambaa. Matabaka matatu yaliyofuata hayakuzimuliwa. Nikipiga hesabu ya kilichobaki baada ya maji kukauka, vazi lote la nje lina uzito wa kilo 17 au 18. Plaiwudi ya milimita 6 kwa eneo hilohilo ingekuwa kilo 50.

Mchangiaji wa 3 (Kilifi)

Fundi, hongera. Mimi ni mama wa watoto wawili na mume wangu ameanza kulitazama povu kwa macho ya tamaa, kwa hiyo nauliza mambo mawili ambayo wanaume hamkuyagusa. Je, humo ndani hakuwi tanuri mchana? Na moto ukitokea je?

Mwanzisha uzi

Dada yangu, maswali yako ndiyo yaliyostahili kutangulia.

Kuhusu joto, povu ni kizuizi kizuri cha joto, na ndani kuna ubaridi kuliko hema lolote nililowahi kulalia, mradi kuwe na matundu mawili ya hewa, moja chini na moja karibu na paa. Watu wawili wakilala katika chumba kisichopumua, asubuhi kuta hutoka jasho, na jasho hilo ni maji kama maji mengine. Rangi ni lazima iwe nyeupe au ya kufifia sana. Hili si suala la urembo. Povu hili huanza kulegea likikaribia nyuzi joto 80, na gundi nyeupe hulegea mapema zaidi. Paa lililopakwa rangi nyeusi au kijani iliyokoza katika jua la Malindi linaweza kukaribia kiwango hicho saa nane mchana. Kuna mtu aliniomba nilichore tela kwa bluu nzito ya bahari, nikamchorea utepe mmoja mwembamba chini.

Kuhusu moto sitakupamba maneno. Polistairini huungua kwa kasi, hutoa moshi mweusi mzito wenye sumu, na hudondosha matone ya moto. Turubai na rangi huchelewesha kidogo tu. Katika tela langu hapawaki jiko, mshumaa, wala dawa ya mbu ya kuchoma. Jiko liko nje, hatua kadhaa kutoka mlangoni, upande ambao upepo unatoka kwangu kwenda kwalo. Nimeweka mlango upande mmoja na dirisha kubwa la kufunguka upande wa pili, linalomtosha mtu mzima kutoka. Mume wako asipokubali masharti haya, mwambie ajenge kwa mbao.

Mchangiaji wa 4 (Mombasa)

Nimesoma yote kwa makini, na bado sioni sababu ya kuamini kwamba pamba itadumu pwani. Pamba ni pamba. Itaota ukungu na kuoza, gundi iwe D3 au D100.

Mwanzisha uzi

Bwana, pamba huoza ikilowa na kukaa imelowa. Iliyozingirwa na gundi na rangi kila upande haina maji wala hewa ya kuilisha kuvu. Lakini nakupa haki yako katika jambo moja, nalo ndilo ningependa kila anayesoma alizingatie kuliko gundi: ukingo uliokatwa. Turubai likikatwa, ncha za nyuzi hubaki wazi, na kila ncha ni utambi wa kandili. Utambi haujali kwamba ukuta mzima umepakwa rangi matabaka manne. Huyanywa maji kutoka chini na kuyapandisha ndani, nyuma ya rangi, mahali usipoyaona. Niliporudi kuchunguza lile vazi langu la kwanza, malengelenge hayakuanzia katikati ya ukuta hata moja. Yote yalianzia chini, ukuta ulipokutana na sakafu, ambako nilikata turubai kwa wembe nikaliacha vivyo hivyo kwa sababu hapaonekani.

Mara ya pili nililikunja turubai likapita chini ya ukuta na kuingia upande wa chini wa sakafu kwa sentimita 8, ncha nikazilowesha gundi mpaka zikawa kama kucha, nikapaka rangi matabaka matatu hata huko chini, kisha nikaziba mshono kwa lakiri ya poliurethani, ute wa kuzibia mianya. Madirishani na mlangoni nilifanya vivyo hivyo: turubai hukunjwa kuingia ndani ya tundu, halikatwi usawa wa tundu.

Mchangiaji wa 1

Hilo la utambi tunalijua. Tanga huanza kuoza kwenye upindo, si katikati. Ndiyo maana upindo hukunjwa mara mbili na kushonewa kamba.

Mchangiaji wa 5 (Malindi)

Fundi, je, naweza kutumia maboksi ya samaki yaliyotupwa? Yapo tele kule bandarini. Tena tela linahitaji karatasi gani?

Mwanzisha uzi

Jirani, maboksi yale ni povu la punje, na maji huweza kupita polepole kati ya punje na punje. Lile la bamba lililoshindiliwa lina vyumba vilivyofungwa na halinywi maji kirahisi. La punje linafaa likiwa jipya na zito, kama lile linalotumiwa katika ujenzi wa nyumba, lakini maboksi ya samaki ni vipande vifupi vyenye mafuta ya samaki, na gundi haitashika juu ya mafuta. Hata ukiyaosha, paka wa mtaa mzima watakufuata hadi Marafa. Kuhusu karatasi, tela husajiliwa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na hupewa namba yake yenyewe inayoanza na herufi Z. Hiyo ni mbali na namba ya gari linalolivuta. Hakikisha taa za nyuma zinawaka, maana ndizo zinazotazamwa kwanza barabarani.

Mwanzisha uzi (baada ya masika)

Nilisema nitarudi mvua zikipita. Tela limekaa nje miezi mitatu bila ya kufunikwa, upande uleule unaoelekea baharini. Kuta ni nzima, paa ni zima, na ukingo wa chini, niliouchunguza kwa kulala chali matopeni, ni mkavu.

Palipovuja ni mahali pamoja tu: pembe ya chini ya dirisha la nyuma. Kosa ni langu. Lakiri ya poliurethani iliniishia nikibakiza dirisha hilo, nikaazima silikoni ya bafuni kwa jirani nikaziba nayo, kisha nikapaka rangi juu yake. Rangi haishiki silikoni. Ilijikusanya kama matone ya maji juu ya jani la muyugwa, nikajidanganya kwamba tabaka la pili litaficha. Masika yalipata mwanya wa upana wa unywele, yakaingia, yakakuta ncha za turubai ambazo hapo peke yake nilizikata badala ya kuzikunja, kwa kuwa tundu la dirisha lilikuwa limebana. Doa la unyevu lilikuwa na ukubwa wa kiganja.

Nimelitibu hivi. Nilikata turubai lililolowa nikazidisha sentimita 5 kila upande hadi nilipofikia penye kushika, nikaliacha povu likauke kwa wiki mbili chini ya kivuli chenye upepo, nikakwangua silikoni yote kwa kisu na kusugua mabaki kwa msasa, maana hata utando usioonekana unaharibu kazi mpya. Nikagandisha kiraka cha turubai lililofuliwa, chenye pembe za mviringo, kwa sababu pembe kali ya kiraka ndiyo huinuka kwanza. Tundu la dirisha nimelipanua milimita 4 ili turubai lipate nafasi ya kukunjwa. Jumla ya gharama ilikuwa nusu lita ya gundi na rangi iliyobaki kwenye debe.

Mchangiaji wa 4

Na hicho kiraka kinaonekana?

Mwanzisha uzi

Kinaonekana, Bwana, ukisimama karibu. Nimekiacha hivyo hadi Januari, kaskazi itakapokuwa ikivuma, nipake paa na kuta zote tabaka jipya kwa pamoja. Rangi ya paa imeanza kuacha unga mweupe kiganjani ukiipangusa, nayo ni dalili kwamba jua limekwisha kuila, kwa hiyo tabaka hilo lingehitajika hata kama dirisha lisingevuja.